Hewa ya Juu na Afya Yako: Maswali na Majibu Kuhusu Matabaka ya Angahewa

Mimi si rubani wala mwanaanga. Matabaka ya angahewa yananihusu nini?

Yanakuhusu kwa sababu mapafu, damu, ngozi na macho yako vimezoea kuishi chini kabisa ya hewa yote iliyoizunguka dunia. Wataalamu huigawa hewa hiyo katika matabaka matano, wakifuata jinsi joto linavyopanda na kushuka kadiri unavyokwenda juu. La chini ni troposfia. Huku kwetu kwenye Ikweta linafika kilomita 16 hadi 18, na kwenye ncha za dunia kilomita 8 au 9 hivi. Mawingu, mvua na pepo tunazozijua zimo humo, pamoja na zaidi ya robo tatu ya hewa yote. Juu yake ni stratosfia, hadi kilomita 50 hivi, lenye ozoni, hewa inayochuja miale ya jua. Hufuata mesosfia, ambako vimondo vingi huungua, kisha themosfia, ambako kituo cha kimataifa cha anga kinazunguka kwenye kilomita 400 hivi, na mwisho eksosfia. Kwa afya ya mtu wa kawaida, mawili ya chini ndiyo yenye mambo, kwa hiyo nitakaa huko.

Ni kweli kwamba kileleni Kilimanjaro oksijeni imekwisha?

Hapana. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa, sawasawa na Tanga au Mombasa. Kinachopungua ni mgandamizo. Fikiria marobota ya pamba yaliyopangwa ghalani: la chini limebanwa na uzito wa yote yaliyo juu yake, la juu limefura. Hewa nayo iko hivyo. Kileleni mgandamizo ni karibu nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi moja inaingiza karibu nusu tu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili hujibu kwa kuhema haraka na moyo kwenda mbio. Ukipewa siku na majuma, huongeza chembe nyekundu za damu.

Ndiyo maana waongoza watalii husema "pole pole"?

Ndiyo, na wanaokoa watu kwa maneno hayo mawili. Ugonjwa wa mwinuko, yaani mwili kuugua kwa kukosa oksijeni ya kutosha huko juu, huanza kuonekana kuanzia mita 2,500 hivi. Njia ya Marangu ina vituo vya kulala Mandara kwenye mita 2,700 hivi, Horombo 3,700 na Kibo 4,700. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Linganisha na namba hizo, utaona kwa nini siku ya ziada ya kupumzika Horombo ina thamani kuliko viatu vya bei. Wengi huikataa ili kupunguza gharama. Kama fedha ni kidogo, heri uahirishe safari ujichange zaidi kuliko kupunguza siku.

Wala usidhani ujana na mazoezi vinakukinga. Mkimbiaji hodari huweza kuugua huku mzee anayekwenda taratibu akafika salama. Wapagazi nao huugua, tena wao hunyamaza kwa kuogopa kukosa kazi. Kiongozi wa msafara awaulize kama anavyowauliza wageni.

Nitajuaje kwamba ni uchovu tu au ni hatari?

Kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi wa mang'amung'amu ni dalili za mwanzo. Hapo usipande tena. Pumzika palepale, na zisipopungua, shuka.

Hatari yenyewe ina sura mbili. Ya kwanza ni ubongo kuvimba: mtu anachanganyikiwa, anajibu ovyo, anapepesuka kama mlevi. Mpime hivi: mwambie atembee mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akishindwa, anashushwa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama kilele kinaonekana. Ya pili ni maji kujaa mapafuni: anahema ingawa ameketi, anakohoa, pengine makohozi yana povu la rangi ya waridi. Huyu naye anashushwa mara moja, na asiachwe ashuke peke yake. Oksijeni ya chupa na dawa husaidia, lakini havichukui nafasi ya kushuka.

Je, mtu akipanda juu zaidi ya hapo bila kinga?

Kwenye kilomita 19 hivi mgandamizo ni mdogo kiasi kwamba maji huchemka kwa joto la mwili wa binadamu. Mwaka 1960 Mmarekani Joseph Kittinger alipanda kwa puto hadi kilomita 31, ndani ya stratosfia, ili ajirushe kwa mwavuli. Alivaa vazi la kujazwa hewa, lakini glavu yake ya mkono wa kulia haikujaa. Mkono ukavimba na kuuma sana, naye akaendelea. Ulirudi katika hali yake baada ya kutua. Ndege za abiria hujazwa hewa kwa sababu hiyo, ingawa si kwa kiwango cha pwani: ndani ya ndege ni kama uko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400.

Nina selimundu. Naweza kupanda ndege au mlima?

Ndege, wengi hupanda salama, lakini zungumza kwanza na kliniki yako, hasa kama umetoka kwenye maumivu makali karibuni. Kunywa maji ya kutosha, vaa nguo za joto, inuka utembee. Mlima mrefu ni jambo jingine. Oksijeni ikipungua, chembe za damu hujikunja na kuziba mishipa. Hata mwenye kurithi kinasaba kimoja tu cha selimundu, ambaye haumwi kabisa, anaweza kupata madhara ya bandama kwenye mwinuko mkubwa. Maumivu makali ubavuni kushoto huko juu yasichukuliwe kuwa kichomi cha kawaida.

Ozoni inatukinga na jua. Mbona watu wenye ualbino wanaugua saratani ya ngozi?

Kwa sababu ozoni huchuja sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana inayounguza ngozi, si yote. Tena tabaka la ozoni ni jembamba zaidi kwenye nchi za Ikweta, na jua letu hupiga wima. Ukipanda mita 1,000, miale huongezeka kwa takriban asilimia 10, hivyo ubaridi wa Mbeya au Lushoto usikudanganye. Mawingu mepesi nayo huipitisha.

Mtoto mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu tangu anapoanza kutambaa, na shuleni michezo yake iwe kivulini au jioni. Mafuta ya kukinga jua ni dawa, si vipodozi. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa mafuta ya Kilisun mahsusi kwa ajili yao. Kidonda cha ngozi kisichopona kwa majuma manne kipelekwe hospitali, kwa sababu saratani hii ikiwahiwa inatibika. Wenye ngozi nyeusi wachunge macho: miale hiyo huchangia mtoto wa jicho.

Usiku mlimani ni baridi kali. Tunaweza kuingiza jiko la mkaa hemani?

Hapana, kamwe. Katika troposfia joto hushuka kwa nyuzi 6.5 hivi kila kilomita moja, ndiyo maana jiko linatamanisha huko juu na katika nyumba za Njombe na Makete pia. Mkaa hutoa hewa ya kabonimonoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, inayonyang'anya damu nafasi ya oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, zile zile za ugonjwa wa mwinuko. Wakiumwa wote waliolala pamoja, shuku jiko kwanza. Watoe nje kwenye upepo, kisha watafutieni oksijeni, na asirudi mtu ndani kufuata begi.