Toni ya wimbo: maana yake na namna ya kuichagua kwa ajili ya kusanyiko

Toni ni kimo ambacho wimbo unajengwa juu yake. Wimbo uleule, kwa maneno yaleyale, unaweza kuanzishwa chini au juu. Nafasi kati ya noti na noti hazibadiliki, ila wote umepanda au umeshuka kwa pamoja. Mpiga kinanda akisema "tuko Sol", maana yake noti ya Sol (noti hupanda kwa mpangilio huu: Do, Re, Mi, Fa, Sol, La, Si) ndiyo nyumbani kwa wimbo huo: sauti huzunguka na kupanda, kisha mwisho wa ubeti hurudi kutulia hapo.

Kwenye kinanda kuna toni 12, vibonye vyeupe na vyeusi vikihesabiwa pamoja, na kutoka kimoja hadi kinachofuata ni nusu toni. Kwa mpiga kinanda nusu toni ni kusogeza kidole kibonye kimoja. Kwa mama aliyesimama safu za nyuma inaweza kuwa ndiyo inayomfanya aimbe au anyamaze.

Hili ndilo linalonifanya niandike. Makanisani kwetu hapa Lubumbashi, kuanzia mitaa ya Katuba na Kenya hadi Ruashi, toni ya nyimbo za sifa mara nyingi huchaguliwa na mtu mmoja, mwimbishaji, kwa kupima koo lake mwenyewe. Akiwa kijana wa sauti ya "tena", ile ya juu ya wanaume, atataka Sol au La, kwa sababu huko ndiko sauti yake inakong'aa. Ubeti unapita vizuri. Kiitikio kinapofika, angalia watu. Wanaume wengi wanaporomoka kwenda sauti ya chini kabisa na kuanza kunguruma. Akina mama wachache wanafika, waliobaki wanapiga makofi na kuyumba. Timu inadhani watu wamepoa, mwimbishaji anapaza sauti: "Imbeni! Msimwonee Bwana haya!" Watu hawajapoa. Wimbo umewekwa mahali wasipoweza kufika.

Sauti ya muumini wa kawaida, asiyefanya mazoezi ya kwaya, ina mipaka inayojulikana. Wanawake wengi huimba kwa raha kuanzia Si iliyo chini kidogo ya Do ya katikati ya kinanda, hadi Re ya juu. Wanaume huimba noti zilezile, oktava moja chini, yaani umbali wa kutoka Do hadi Do inayofuata. Mi ya juu hufikiwa kwa kujikaza, na Fa ni ya waliozoea. Ndiyo maana mbele ya kusanyiko kubwa swali la kwanza si "tunaimba toni gani?" bali "noti ya juu kabisa ya wimbo huu ni ipi?" Toni mbili za nyimbo mbili zinaweza kuwa Sol zote, na wimbo mmoja ukawa mwepesi, mwingine ukawa mzigo, kwa sababu mmoja unapanda mbali kutoka nyumbani kwake na mwingine haupandi.

Tuchukue mfano. Wimbo uko katika Sol. Noti yake ya chini kabisa ni Re, ya juu ni Mi. Waumini watalia kwenye hiyo Mi, hasa ikirudiwa. Ushushe nusu toni mbili, uwe katika Fa: Re ya chini inakuwa Do, Mi ya juu inakuwa Re. Umeingia ndani ya mipaka. Ukishusha nusu toni tatu, hadi Mi, wimbo unakwenda kutoka Si hadi Do diyezi (nusu toni juu ya Do), nao bado unaimbika. Mimi ningechagua Fa, maana wimbo ukishuka sana unapoteza nguvu na wanaume hawasikiki tena. Kushusha nako kuna kikomo, na wako wanaosahau hilo wakishajifunza kushusha.

Tazama pia mahali wimbo unapokaa. Kiitikio kinachogusa Re mara moja na kurudi hakimchoshi mtu. Kiitikio kinachokaa kwenye Do na Re mstari baada ya mstari, kikirudiwa mara sita kama tunavyopenda, kinakausha koo hata kama noti yake ya juu kwenye karatasi inaonekana ya kawaida. Wimbo wa namna hiyo ushushwe nusu toni zaidi. Vilevile ibada ya kwanza ya asubuhi: sauti bado nzito, na mwezi wa sita na wa saba, kukiwa na baridi na vumbi la kiangazi, makoo yanafunga. Ulichoimba saa nne hakitafaa saa kumi na mbili na nusu.

Kwa nini nyimbo za kitabuni nyingi ziko juu? Nyingi zilipangwa kwa sauti nne, na wa soprano, sauti ya juu ya wanawake, ndio walioshika wimbo wenyewe, wakipandishwa ili sauti tatu za chini zipate nafasi. Kwaya iliyofundishwa inaweza. Kusanyiko lote likiimba sauti ya kwanza kwa pamoja, wazee na vijana, ile Mi au Fa ya soprano inakuwa ya kila mtu. Kitabu hakikukosea, kiliandikiwa uimbaji wa namna nyingine. Hakuna dhambi kukishusha.

Hapa kuna mtego mmoja ambao timu zetu hukwama. Maestro, yaani walimu wa kwaya, wa zamani waliojifunza kwa solfa (noti za do, re, mi) ya Waingereza, ile iliyosambazwa na wamisionari, wanajua "do" inayohama: do ni nyumbani kwa wimbo, popote ulipo. Vijana waliojifunza kwa Kifaransa wanajua Do moja tu, kibonye kilekile siku zote. Maestro akisema "anzia do" kwenye wimbo ulio katika Fa, anamaanisha Fa. Mpiga kinanda anabonyeza Do. Kila mmoja ana haki kwa njia yake. Timu ikubaliane mapema: tukitaja toni tunataja kibonye cha kinanda, tukifundisha sauti tunaweza kutumia do inayohama.

Mtego wa pili ni kile kitufe cha kuhamisha toni. Mpiga kinanda anapenda vidole vyake viwe katika Do au Sol, basi anaweka kinanda kwenye -2, anapiga Sol, inasikika Fa. Hakuna ubaya. Shida inaanza mpiga besi anapouliza, "Kaka, tuko wapi?" naye anajibu "Sol", kwa sababu ndicho vidole vinachofanya. Besi inaingia Sol halisi, kinanda kinatoa Fa, na sebene, ile sehemu ya magitaa ya kucheza, inaharibika palepale. Mpiga gitaa la solo hulaumiwa bure. Kanuni iwe moja: tunataja kinachosikika. Gitaa nalo linaweza kutumia kapo, kibanio cha nyuzi kinachopandisha toni, na kanuni ni ileile.

Umeme ukikatika, na tunajua hukatika, watu wanaendelea kuimba kwa ngoma na makofi, jambo zuri sana. Lakini sauti bila ala husogea. Mara nyingi hushuka polepole, na kwenye sifa za furaha huweza kupanda. Kisha jenereta inawaka, kinanda kinajiwasha upya, na vinanda vingi vikizimwa hurudisha uhamisho wa toni kwenye sifuri. Mpiga kinanda anaingia kwa nguvu zote katika Sol wakati watu wako karibu na Fa. Asiingie. Ashushe sauti ya spika, atafute taratibu waliko, ahamishe kinanda, ndipo arudi. Kama wako katikati ya noti mbili, awaache wamalize wimbo na ngoma.

Timu inayopenda kupandisha toni kila kiitikio nayo ihesabu. Ukianza na wimbo ambao juu yake ni Re na ukapandisha nusu toni mara mbili, umefika Mi, na waumini umewaacha nyuma wakati ule hasa ulipotaka waimbe zaidi. Anza chini ili upate pa kupandia.

Linabaki swali gumu zaidi, kwa sababu linagusa watu. Toni inayolifaa kusanyiko isipomfaa mwimbishaji, nani aachie? Mwimbishaji. Wimbo apewe mwingine ambaye sauti yake iko hapo, au yeye ashike sauti ya pili na kumwachia dada wa kwaya aongoze. Kijana mwenye kipawa ataumia kidogo, na maestro amwambie hilo faraghani, kwa upole, kabla ya Jumapili, wala si jukwaani mbele ya watu. Sauti yake ya juu ina mahali pake: wimbo wa kwaya peke yake, ambapo watu wamekaa kusikiliza. Hapo maestro yuko huru kuweka toni popote waimbaji wake wanapofika.

Mazoezi ya Alhamisi yanatosha kulipanga. Daftari moja lenye safu tatu: jina la wimbo, noti ya juu, toni tuliyokubaliana. Kabla ya kuandika toni, mwite mtu asiye wa timu, fundi anayetengeneza benchi au mama anayefagia, mwombe aimbe kiitikio pamoja nanyi. Akinyosha shingo na kukaza macho, shusha nusu toni, mrudie. Akiimba huku akiendelea na kazi yake, andika toni hiyo.