Je, wajua kwa nini chama cha okestra za Marekani kinahangaika na sheria za ndovu na mpingo?

Ukisikia kuna chama cha kutetea okestra, kinachokujia kichwani ni pesa, yaani kutafuta wafadhili na kuomba ruzuku, na kweli hiyo kazi ipo. Chama chenyewe kinaitwa League of American Orchestras, kimekuwepo tangu 1942, kina mamia ya wanachama, na okestra nyingi huko ni mashirika yasiyo ya faida ambayo tiketi peke yake haziwezi kuyalipia gharama. Ila kuna kazi yao nyingine ambayo mimi naona ndo tamu kuliko zote na haizungumzwi sana: kukaa na maafisa wa wanyamapori na misitu na kujadili mstari mmojammoja wa sheria.

Chukua upinde wa violin, ule mti wa kusugulia nyuzi. Pale kwenye ncha kuna kibati chembamba, urefu wake kama sentimita mbili na nusu hivi, kimegandishwa ili mti wa ncha usipasuke. Zamani mafundi wengi walikitengeneza kwa pembe ya ndovu. Siku hizi wanatumia mfupa, fedha au plastiki, lakini wanamuziki wa okestra wanapenda pinde za zamani, nyingine zina zaidi ya miaka mia, na ukikiangalia hicho kibati kwa macho tu si rahisi kujua ni ndovu au ni mfupa wa ng'ombe.

Sasa hapa ndo watu wengi wanakosea. Wanasema, ah, sheria za pembe zinawahusu majangili na wauzaji, mpiga violin hauzi kitu, anaenda kupiga muziki na kurudi nyumbani, zinamhusu nini? Zinamhusu, tena sana. Chini ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa 1973 unaolinda viumbe na mimea iliyo hatarini, kinachoangaliwa ni mzigo kuvuka mpaka. Kuuza au kutouza kunaweza kubadilisha aina ya kibali unachotakiwa kuwa nacho, lakini kwa pembe ya ndovu hakukutoi nje ya sheria.

Fikiria fundi cherehani wa Moshi amepata kazi ya kushona sare za shule Taveta, siku tatu tu. Anabeba cherehani yake, anafika mpakani Holili, anaambiwa alete kibali cha kuitoa Tanzania, kisha kibali cha kuiingiza Kenya, na akimaliza kazi aanze upya kwa safari ya kurudi, cherehani ileile, fundi yuleyule, hakuna aliyenunua wala kuuza. Halafu wenzake tisini wana cherehani zao na kila moja inataka makaratasi yake, na kutoka Taveta wanaendelea Kampala, Kigali na Bujumbura. Hiyo ndo ziara ya okestra.

Mwaka 2013 kwenye mkutano wa CITES uliofanyika Bangkok nchi zilikubaliana kuwe na cheti cha ala ya muziki, kimoja kwa chombo kimoja, kinatumika kwa safari nyingi hadi miaka mitatu. Ni nafuu kubwa, ila bado lazima kikaguliwe na kupigwa mhuri kila mpaka, na Marekani huwezi kupita popote, ni kwenye viwanja vya ndege na bandari zilizoteuliwa tu.

Mwezi wa pili 2014 Marekani ikakaza zaidi. Agizo jipya lilitaka ala yenye pembe ya ndovu iwe imepatikana kihalali kabla ya 1976 na isiwe imeuzwa tena tangu hapo. Shida ni kwamba pinde nzuri zinapita mikononi mwa watu, mzee anastaafu anamuuzia kijana, kwa hiyo aliyenunua wake dukani kihalali mwaka 1995 ghafla hawezi kusafiri nao kikazi. League na vyama vingine vya muziki wakaenda kueleza hilo, hawakuomba ndovu waachwe bila ulinzi, waliunga mkono lengo lenyewe, na mwezi wa tano ile tarehe ya ukomo ya kuuzwa ikasogezwa hadi Februari 2014. Sidhani ni haki kuwapa sifa zote wao peke yao, maana waliolalamika walikuwa wengi. Na hata baada ya hapo, mwaka huohuo, pinde saba za Budapest Festival Orchestra, okestra ya Hungary, zilishikiliwa uwanja wa ndege wa JFK, New York, wanamuziki wakalazimika kupiga kwa pinde za kuazima.

Halafu ikaja zamu ya mti wetu. Klarineti na obo nzuri, zile ala za kupuliza, zinatengenezwa kwa mpingo, na mpingo huo unatoka zaidi Tanzania na Msumbiji. Mwaka 2016 CITES walikutana Johannesburg wakaiweka jamii nzima ya Dalbergia, ambayo mpingo umo, chini ya udhibiti, miti kama mia tatu hivi, kwa sababu mahitaji ya fanicha za kifahari za China yalikuwa yanamaliza misitu na mbao za aina hizo zinafanana mno. Sababu ilikuwa ya msingi kabisa, ila klarineti nazo zikanaswa kwenye wavu huohuo. Mwanamuziki aliyebeba yake mkononi hakuguswa sana maana mzigo usio wa biashara wa hadi kilo 10 uliruhusiwa, walioumia ni wanaouza na kutuma ng'ambo, ala moja, kibali kimoja, kusubiri wiki kwa wiki.

Wanamuziki, watengenezaji na vyama vyao walifuatilia mpaka mkutano wa CITES wa Geneva 2019, na pale nchi zikakubali kuziondolea vibali ala zilizokamilika pamoja na vipuri vyake vilivyokamilika. Hapa napo watu wanachanganya, wanadhani mpingo umeachiwa huru. Hapana. Gogo au mbao za mpingo zikitoka Tanzania bado zinahitaji kibali cha CITES, na hilo ni jambo zuri kwa vijiji vya Kilwa vinavyosimamia misitu yao na vilivyoanza kuuza mpingo wenye cheti cha uvunaji endelevu mwaka 2009, kwa sababu mti unaochukua miaka sitini au zaidi kufaa kuvunwa ukipotea kimagendo ni kijiji ndo kinachokosa hela.

Kwenye mkutano wa CITES wa Panama 2022 hoja ilikuwa pernambuco, mti wa Brazil unaotengenezea zile pinde zenyewe. Brazil ilitaka uwekwe kwenye daraja kali kuliko yote, ikaishia kwenye makubaliano: upinde uliokamilika unaotoka Brazil ukatakiwa kuwa na kibali, ila uliokwisha kutoka huko ukaruhusiwa kuendelea kusafiri. Kama una violin ya zamani na unapanga safari ya nje, angalia ncha ya upinde wako na uulize mamlaka ya wanyamapori mapema, kabla hujakata tiketi.