Kanda Iliyokwama Kwenye Gari: Kwa Nini "Happy Nation" Haitoki Kichwani

Kwenye harusi kuna saa inayomtenga DJ anayeijua kazi na DJ aliyekuja na spika tu. Keki imeshakatwa, chakula kimeshaliwa, vijana wamekaa mkao wa kusubiri singeli, na akina mama wanatafuta viatu chini ya meza ili waage. Mimi saa hiyo huweka "The Sign" ya Ace of Base, kundi la Uswidi la miaka ya tisini. Ngoma za mwanzo zikilia tu, kabla hata ile filimbi ya kinanda haijachanganya, mama wa meza ya mbele anavua viatu alivyokuwa ndiyo kwanza anavivaa.

Nimechezesha muziki na kuchanganya sauti studio tangu enzi za kanda. Nina vijana watatu wanaojifunza kazi kwangu, na mara kwa mara huniuliza, "Mzee, hizi nyimbo zina nini?" Wanauliza kwa kejeli kidogo. Kwao huu ni muziki mwepesi, wa kinanda na mashine ya ngoma, wa kizazi kilichokuwa hakina cha kuchagua. Jibu langu linawashangaza kila mara: albamu yao ya kwanza, "Happy Nation", watu hawakuipendea furaha. Waliipendea huzuni, na mwendo wake wa polepole.

Hawakunisadiki. Nikawasha kompyuta.

"All That She Wants" inakwenda kwa mapigo kama 93 kwa dakika. Huo ni mwendo wa rege, mwendo wa mtu anayetoka sokoni na hana anayemkimbiza. Wakati ule muziki wa disko wa Ulaya ulikuwa mbioni: "What Is Love" ya Haddaway iko kwenye 124 hivi, na "No Limit" ya 2 Unlimited inakaribia 140. (Kwa kijana aliyezoea singeli ya zaidi ya 200, hizo zote ni nyimbo za kumbembelezea mtoto alale, lakini tuliache hilo.) Nikaupandisha wimbo hadi 128 bila kugusa kimo cha sauti, tukasikiliza.

Haukuharibika. Maneno yalisikika, melodi ilikuwa ile ile. Ila besi, ambayo kawaida hugonga kisha ikanyamaza, haikupata tena mahali pa kunyamazia. Mwimbaji akawa kama anatangaza mnada. Kijana mmoja akacheka: "Mzee, imekuwa tangazo la sabuni." Nikamwambia, haya, sasa irudishe ilipokuwa. Akairudisha. Safari hii hakucheka, alikuwa anatikisa kichwa.

Waliotengeneza kitu hiki walikuwa vijana wanne wa Göteborg, mji wa bandari wa Uswidi: ndugu watatu wa familia ya Berggren, yaani Jonas, Malin aliyeitwa Linn, na Jenny, pamoja na rafiki yao Ulf Ekberg. Hawa ndugu walilelewa kanisani, wamekulia kwenye kwaya. Ukitaka ushahidi sikiliza "Happy Nation" yenyewe, wimbo ulioipa albamu jina: inafunguka kwa Kilatini, kama misa, ndipo mdundo unaingia. Kampuni za muziki za kwao ziliwakataa. Aliyewapokea alikuwa jirani, Mega Records ya Denmark, na ndiyo maana "Wheel of Fortune" ilisikika huko kwanza, na albamu nayo ikatoka huko mwaka 1992.

Kabla ya hapo walikuwa wamesikia wimbo wa kwao Uswidi uitwao "Another Mother", wa mwimbaji Kayo, wenye besi ya rege juu ya ngoma za mashine. Wakautaka mlio ule. Wakamtumia kanda ya majaribio yule aliyeutengeneza, Denniz PoP wa Stockholm, jina lake halisi Dag Volle. Wimbo uliokuwa kwenye kanda uliitwa "Mr. Ace". Haukumvutia. Lakini kanda ilikwama kwenye redio ya gari lake, ikagoma kutoka. Akawa anausikiliza akienda kazini na akirudi, siku baada ya siku, apende asipende. Wimbo ule baada ya kufanyiwa kazi ndio "All That She Wants", ambao mwaka 1993 ulishika namba moja Uingereza.

Kisa hiki husimuliwa kama bahati nasibu. Mimi nakisikia kwa sikio la fundi. Denniz hakuwa mpiga ala. Alikuwa DJ, mtu wa santuri na klabu, aliyejifunza muziki kwa kuangalia watu wakicheza na kuona ni saa ngapi wanarudi kukaa. Mtu wa namna hiyo hasikilizi wimbo mara moja akatoa hukumu. Ile redio mbovu ilimlazimisha ausikilize wimbo kama msikilizaji wa kawaida anavyousikiliza: mara ya ishirini, akiwa anafikiria mambo mengine, kwenye spika ndogo, kukiwa na kelele za barabara. Kilichobaki kichwani baada ya hapo ndicho alichokijenga. Kilichopotea alikitupa.

Na alitupa vingi. Fungua wimbo ule kwenye spika nzuri uhesabu vilivyomo. Kuna ngoma ya chini, kavu, isiyo na mbwembwe. Kuna besi yenye noti chache. Kuna kinanda kinachogonga katikati ya mapigo, pale ambapo mpiga gitaa wa rege angekwaruza. Kuna mluzi wa kinanda unaorudia melodi fupi ambayo hata mtoto wa chekechea anaiweza. Kisha sauti. Hayo tu. Vijana wangu wakichanganya wimbo hurundika sauti arobaini za ala ndani ya wimbo mmoja, halafu wanashangaa kwa nini hakuna kinachosikika. Pale kila ala ina kiti chake, na viti vingine vimeachwa wazi makusudi. Msikilizaji anakaa kwenye hivyo vilivyo wazi: anapiga kofi, anaguna, anajaza besi kwa mdomo.

Sauti ya Linn ndiyo siri ninayoipenda kuliko zote. Haombi, halii, hapandi juu kuonyesha uwezo. Anasimulia habari za mwanamke fulani kama jirani anayekueleza ya nyumba ya tatu, akiwa anachambua mchele. Mpe wimbo huo mwimbaji wa kanisa la Marekani mwenye koo la moto, atakupa machozi ya dakika nne, na mara ya tatu utakuwa umechoka. Sauti baridi haichoshi.

Sasa huzuni. Wanamuziki tuna njia mbili kuu za kupanga sauti: meja, inayosikika kama dirisha limefunguliwa asubuhi, na maina, inayosikika kama wingu limekaa juu ya paa. Muziki wa kuchezeka wa kuwafurahisha watu wote ungetegemewa uwe meja mwanzo mwisho. "All That She Wants" ni maina. Kiuno kinacheza, moyo hauko huko. Watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa hili: taarabu imetulisha majonzi juu ya mdundo wa kuchezeka miaka mingi, na hakuna aliyewahi kuuliza kama anatakiwa alie au atunze.

Ukibisha kwamba hiyo ni bahati ya wimbo mmoja, nina shahidi wa pili. "Don't Turn Around" si wimbo wao. Uliandikwa na Diane Warren na Albert Hammond, Tina Turner akaurekodi, na mwaka 1988 kundi la rege la Aswad likaufikisha namba moja Uingereza. Wa Aswad unang'aa. Mtu ameachwa lakini jua linawaka. Ulipofika Göteborg, walichofanya ni kuutia giza: beti zikahamia kwenye maina, na yale maneno ya "nenda tu, mimi nitakuwa sawa" yakaanza kusikika kama uongo. Cheza matoleo hayo mawili moja baada ya jingine. Utajua hawa watu walikuwa wanatafuta nini.

Kisha "The Sign", ambao kwangu ni somo zima la utunzi. Jonas aliuandika baadaye, na uliingizwa kwenye albamu ilipokuwa inaandaliwa kwa soko la Marekani. Ubeti uko kwenye maina. Umekaa chini, unanong'ona, mtu anaeleza maisha yake mapya baada ya kuachana na mwenziwe. Unasubiri aendelee kusononeka. Kibwagizo kinapoingia, wimbo unahamia meja, kwenye nyumba ile ile ya G, yaani noti ya msingi haibadiliki. Hakuna aliyehama chumba, ni pazia limefunguliwa. Na maneno yenyewe pale yanasema habari za kufunguliwa macho! Msikilizaji wa meza ya harusi hajui maina wala meja, lakini pale ndipo mikono inapokwenda juu. Nimewatazama mara nyingi mno kudhani ni ajali. Marekani, wimbo huo ulikaa namba moja kwa majuma sita mwaka 1994, na albamu, iliyouzwa kule kwa jina la "The Sign", ilitunukiwa platinamu, ile tuzo ya mauzo makubwa, mara tisa.

Kiingereza chao je? Wapo wanaojifanya wajuzi wanaocheka maneno ya albamu hii, na kwa kweli sehemu nyingine maneno hayana kichwa wala miguu. Hawa walikuwa Waswidi wanaoandika kwa lugha ya kujifunza. Walichagua neno kwa jinsi linavyokaa mdomoni, maana ikafuata nyuma ikihema. Matokeo yake ni kwamba wimbo hauhitaji Kiingereza. Sisi tuliokuwa tunaimba vibwagizo kwenye disko toto tulikuwa tunatoa sauti tu, na hakuna kilichopungua. Watu wengi waliozaliwa na Kiingereza chao walidhani mwanamke wa "All That She Wants" anatamani kuzaa mtoto mwingine, kumbe anawinda mwanamume mwingine. Sisi hatukuwa na kisingizio: mtaani kwetu "mtoto" ni neno la siku zote kwa mtu anayependwa, na mwenye umri wa kupiga kura. Bado nilimsikia mwalimu mmoja akiueleza wimbo kama wa uzazi wa mpango.

Albamu nzima si dhahabu. "Münchhausen" na "Waiting for Magic" zinakimbia kama wenzao wa zama zile, na sijawahi kuombwa kuzicheza hata siku moja. Nazitaja kwa sababu zinanisaidia kwenye ubishi wangu: ni watu wale wale, vinanda vile vile, na pale walipoongeza mwendo wakawa kundi kama makundi mengine. Pia ukinunua leo angalia ni toleo gani, kwa sababu lile la kwanza la Ulaya halina "The Sign" wala "Don't Turn Around". Wengi wanaokwambia albamu haikuwa kali wanazungumzia hilo.

Denniz alianzisha studio ya Cheiron pale Stockholm, akamchukua kijana aliyekuja kuitwa Max Martin. Utaratibu wa kuanza na melodi, maneno baadaye, na kukata kila kisichobaki kichwani, ukawa kazi ya kiwanda: Backstreet Boys, Britney Spears, na mengi tunayoyasikia hadi leo. Denniz mwenyewe alifariki kwa saratani Agosti 1998, akiwa na miaka 35.

Kwa DJ anayesoma hapa, ushauri wa kazini. Usiiweke albamu hii kati ya nyimbo za kukimbia. Itaonekana imechoka na wewe utaonekana umekosea. Iingize ukitoka kwenye rege. Mimi hutoka kwa Lucky Dube, nagusa mwendo kidogo sana, naacha besi ya Lucky ife yenyewe ndipo nafungulia mluzi. Masikio hayashtuki, kwa sababu miguu tayari iko kwenye hatua ile. Na usikate mwisho wa ubeti wa "The Sign" ili uharakishe kibwagizo. Ukilikata wingu, jua halitakuwa na kazi.

Jumamosi iliyopita mama mmoja alinijia mezani, mkoba kwapani, anakwenda zake.

"Mwanangu, ule wimbo."

"Upi, mama?"

Hakujua jina, hakujua kundi, hakujua neno lake hata moja. Akausogeza mdomo karibu na sikio langu, juu ya kelele zote za ukumbi, akapiga mluzi. Noti zote zilikuwa sawa.