Hong Myung-bo hakuishia Brazil

Wapenzi wa soka wengi husema Hong Myung-bo alikuwa beki hodari lakini kocha wa kubahatisha. Ushahidi wao ni mmoja: Kombe la Dunia 2014 nchini Brazil, ambapo Korea Kusini, timu aliyoifundisha, ilitoka sare na Urusi, ikafungwa 4-2 na Algeria, kisha 1-0 na Ubelgiji. Alijiuzulu.

Yalitokea hayo, ila timu alikuwa amekabidhiwa mwaka mmoja tu kabla.

Mwaka 2012, kwenye Olimpiki ya London, vijana wake waliwatoa wenyeji Uingereza kwa penalti, kisha wakaifunga Japani 2-0 mjini Cardiff, wakapata shaba. Ilikuwa medali ya kwanza ya soka ya Korea Kusini katika Olimpiki, na iliwapa wachezaji msamaha wa utumishi kamili wa jeshi. Hilo si jambo dogo kwa kijana wa Kikorea!

Halafu kuna Ulsan, klabu ya Korea Kusini aliyoifundisha baadaye. Klabu hiyo ilikuwa haijatwaa ubingwa wa ligi tangu 2005, na ilimaliza ya pili mwaka 2019, 2020 na 2021. Hong akawapa ubingwa 2022, akaurudia 2023. Mwaka 2024 akarejeshwa timu ya taifa.