Magadi si chumvi ya madini

Wafugaji wengi wa Kisauni na Likoni huniita kwa lalamiko moja: ng'ombe amepandishwa tena na tena, na kila baada ya siku 21 hivi joto, yaani hamu ya kupandwa, linarudi. Lawama humwangukia mpandishaji. Mimi huanzia horini.

Mara nyingi humo nakuta matete yaliyokomaa, wishwa na machicha ya nazi, kisha naonyeshwa bonge la magadi: "Daktari, madini anapata." Hapati. Magadi ni soda. Yana sodiamu, na floraidi ambayo ikizidi huharibu meno na mifupa. Fosforasi, shaba, zinki na seleni, ambazo kizazi kinazihitaji, hazimo kwa kiwango cha kumfaa. Wishwa ina fosforasi ya kutosha lakini kalsiamu yake ni kidogo mno, ilhali kila lita ya maziwa huondoka na zaidi ya gramu moja ya kalsiamu.

Kinachoniuma zaidi ni kondo la nyuma kubaki. Ng'ombe akipungukiwa na seleni na vitamini E, hatari hiyo hupanda. Zikipita saa 24 bila kondo kutoka, mwite daktari. Tafadhali usilivute, wala usilifungie jiwe! Kizazi huchanika, usaha huingia, na mimba inayofuata huchelewa kwa miezi.

Anayekamuliwa huhitaji chumvi ya madini ya unga, kwa kawaida gramu 100 hadi 150 kwa siku. Fuata maelezo ya mfuko. Ichanganye kwenye chakula cha wakati wa kukamua. Jiwe la kulamba silitegemei peke yake: mmoja hulamba sana, mwenzake haligusi, na unyevu wa hewa yetu huliyeyusha.

Mwenye mimba aliyekaushwa, yaani aliyeachwa kukamuliwa kabla ya kuzaa, ana chumvi yake tofauti. Wiki tatu za mwisho, kalsiamu nyingi huuzoesha mwili kutotoa akiba ya mifupani, akizaa anaanguka kwa homa ya maziwa, yaani kalsiamu kupungua ghafla damuni. Sindano ya seleni nayo usimpige ng'ombe wewe mwenyewe. Ikizidi ni sumu.

Na ng'ombe aliyekonda, mbavu zikihesabika, mshibishe kwanza. Madini peke yake hayatamrudisha kwenye joto. Jua la Februari na Machi pia huficha dalili, kwa hiyo mchunguze usiku na alfajiri. Mabadiliko ya lishe nayo hayaonekani kwa wiki moja, maana yai huanza kukua muda mrefu kabla ya kutoka. Ndiyo sababu nasisitiza tupange chakula chake tangu siku anapokaushwa.