Chemba ya bunduki: maana yake, na namna ya kuichagua kwa shabaha ndogo za mbali

Chemba ni sehemu ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hulala kabla ya kufyatuliwa. Fundi huichonga ilingane na risasi ya aina moja tu: urefu wa ganda (kikopo cha shaba kinachobeba baruti), unene wake, mteremko wa bega (pale ganda linapopungua unene), upana wa shingo (inayoshika kichwa, yaani kipande kinachoruka hadi kwenye shabaha). Mwenye bunduki akisema anamiliki “.22-250 Remington”, anataja chemba. Kaliba ni jambo jingine. Hiyo ni upana wa tundu la mtutu, na peke yake haikuelezi mengi. .223 Remington, .22-250 Remington na .220 Swift zote hurusha kichwa cha kipenyo kilekile, milimita 5.7, lakini ganda la .223 hubeba baruti ya kiasi cha greni 25 na la .22-250 hubeba greni 35 au zaidi kidogo. (Greni ni kipimo cha uzito, greni 15 na nusu hukaribia gramu moja.) Kwa kichwa cha greni 55, ya kwanza hutoka mtutuni kwa mita 990 hivi kwa sekunde, ya pili kwa mita 1,120. Kaliba ni moja, ila ni bunduki mbili tofauti kabisa.

Mijadala mingi kuhusu chemba hizi inatoka Marekani, ambako watu huwinda wanyama waharibifu wadogo kwenye mbuga za wazi: jamii ya kindi wanaochimba mashimo malishoni, na koyote, mnyama wa jamii ya mbwa mwitu, wanaoshambulia kondoo. Afrika Kusini wafugaji wa kondoo hutumia chemba hizohizo dhidi ya mbweha. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na nyani au nguruwe mwitu akivamia shamba, wa kuitwa ni KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Kwa mkazi wa Nairobi mwenye leseni, basi, elimu hii ni ya uwanja wa shabaha, au ya safari katika nchi ambako uwindaji huo ni halali. Hesabu zake ni zilezile, kwa kuwa bati la upana wa sentimita 10 lililosimamishwa mita 275 ni gumu kulipata sawasawa na mnyama wa ukubwa huo.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza kasi. Sisi tunasema anza na upepo. Kushuka kwa risasi kunajulikana mapema: ukipima umbali kwa kifaa cha leza na kusoma jedwali, umemaliza. .223 yenye kichwa cha greni 55, ikilengeshwa sawa kwa mita 183 (yadi 200), hushuka kama sentimita 18 ikifika mita 275. Unazungusha kitasa cha darubini na jambo limekwisha. Upepo hauna kifaa kinachoupima njia nzima kutoka kwako hadi kwenye shabaha. Unaukadiria kwa macho, kwa majani, kwa vumbi, kwa mawimbi ya joto ndani ya darubini, na kila mpigaji hukosea kidogo.

Tuchukue upepo wa kilomita 16 kwa saa unaokata kutoka pembeni, umbali mita 275, hewa ya usawa wa bahari. .223 ya greni 55 husukumwa kando kama sentimita 28. .22-250 yenye kichwa hichohicho, kama sentimita 23. .243 Winchester yenye kichwa kirefu cha greni 87 kinachotoka kwa mita 975 kwa sekunde, kama sentimita 16. Sasa tuseme umekosea makadirio kwa kilomita 5 tu kwa saa, kosa ambalo hata mzoefu hulifanya. .223 itakwenda kando karibu sentimita 9, .22-250 sentimita 7, .243 sentimita 5. Ukiwa umelenga katikati ya bati la sentimita 10, una sentimita 5 tu kila upande. Hapo ndipo chemba inapolipa gharama yake. Tazama pia kwamba .243 katika mfano huu ina mwendo mdogo kuliko zote tatu wakati wa kutoka. Kinachoisaidia ni kichwa kizito, chembamba na kirefu ambacho hewa haikipunguzi mwendo haraka.

Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Siku ya nyuzi 25, hewa yetu ni nyepesi kuliko ile ya majedwali ya viwandani kwa karibu moja ya tano, na kwa hiyo risasi hushuka na kupeperushwa kidogo kuliko kilichochapishwa kwenye boksi. Ukiingiza data kwenye programu ya simu, weka shinikizo halisi la hewa la mahali ulipo. Ukisahau, utapiga juu kwa umbali mrefu na kuilaumu darubini bure. Ukisafiri na bunduki hadi pwani, ilengeshe upya.

Swali la pili ni idadi ya risasi kwa siku, na hapa .22-250 na .220 Swift hupoteza pointi. Baruti nyingi inayolazimishwa kupita kwenye tundu jembamba huchoma koo la mtutu, yaani inchi chache za kwanza mbele ya chemba. Chuma hupasuka nyufa ndogondogo kama tope lililokauka, mifereji ya ndani ya mtutu inayokizungusha kichwa hulika, na kichwa huanza safari yake bila mwongozo. Mtutu wa .223 ukitunzwa unaweza kupita risasi 5,000 ukiwa bado na usahihi mzuri, wa.22-250 unaweza kuchoka kabla ya 3,000, na mapema zaidi ukipigwa ukiwa moto. Swift ilipoletwa na Winchester mwaka 1935, kichwa chake cha greni 48 kilitoka kwa mita 1,250 kwa sekunde, jambo la kushangaza kwa wakati ule, na sifa ya kula mitutu ikaifuata tangu hapo. Sehemu ya sifa hiyo ilitokana na watu kupiga mfululizo bila kupumzika. Kanuni tunayoifuata: risasi 10, kisha fungua bolti (kifungio cha nyuma ya chemba), acha chemba wazi, usubiri hadi mtutu ushikike kwa kiganja bila kuunguza. Mtutu mnene huchelewa kupata moto lakini huchelewa pia kupoa, na joto lake hufanya picha icheze kwenye darubini.

Msokoto wa mifereji ndio watu husahau kuuliza dukani. Hutajwa kwa inchi ambazo kichwa husafiri kikizunguka mara moja. Bunduki nyingi za zamani za .22-250 zina mzunguko mmoja kwa inchi 14, unaotosha kichwa cha greni 55 na si zaidi sana. Tia humo kichwa kirefu cha greni 75 na kitayumba hewani. Kwenye karatasi utaona matundu ya mviringo mrefu kwa kuwa kilifika kikiwa ubavu. Kinyume chake nacho ni tatizo. .22-250 yenye msokoto wa inchi 8 ikirusha kichwa cha greni 55 kwa kasi yake kamili hukizungusha zaidi ya mara 300,000 kwa dakika, na vichwa vilivyofunikwa kwa utando mwembamba wa shaba, vilivyotengenezwa vipasuke vikigusa mnyama mdogo, vinaweza kupasuka njiani. Unaona moshi hafifu wa kijivu hewani, na shabaha haina tundu. Kwa .223 tunapendelea inchi 8: inabeba greni 50 hadi 77, na kichwa kizito hupunguza sehemu kubwa ya udhaifu wake kwenye upepo.

Teke la bunduki lina uzito wake pia. Katika shabaha ndogo za mbali unataka kuona risasi imetua wapi, urekebishe ya pili. .223 kwenye bunduki nzito hukuachia picha ndani ya darubini. .204 Ruger, iliyotoka mwaka 2004, ni tulivu vilevile na ina kasi kubwa sana, mita 1,288 kwa sekunde kwa kichwa cha greni 32, ila kichwa hicho chepesi hupoteza mwendo upesi. .243, ambayo Winchester waliitoa mwaka 1955 kwa kubana shingo ya ganda la .308, hukurusha kiasi cha kupoteza picha, na utahitaji mwenzako wa kutazama kwa darubini ya pembeni.

Kuna makosa ya chemba yanayoharibu bunduki na mkono. Risasi ya kijeshi ya 5.56 hufanana kwa nje na .223, lakini chemba ya 5.56 ina nafasi ndefu zaidi mbele ya shingo. Ukiitia kwenye chemba ya.223, shinikizo linaweza kupanda kupita kiasi. Mwelekeo wa pili, .223 kwenye chemba ya 5.56, ni salama. Baya zaidi ni .300 Blackout: ganda lake limetokana na la .223, huingia kwenye magazini ileile, na likisukumwa kwa nguvu linaweza kuifunga bolti ya bunduki ya .223. Kichwa chake ni cha milimita 7.8 na tundu ni la 5.7. Bunduki hulipuka. Soma maandishi kwenye kitako cha kila ganda, yalinganishe na yaliyochongwa ubavuni mwa mtutu, na usiweke aina hizo mbili kwenye begi moja.

Kwa Nairobi, kabla ya kulipa, hakikisha risasi za chemba hiyo zinaingizwa nchini mara kwa mara, maana cheti chako chini ya Sheria ya Silaha hutaja aina na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Idadi hiyo ikiwa ndogo, chemba inayohitaji mazoezi mengi na isiyopatikana kirahisi itakaa kabatini. Kwa mpigaji anayeanza tungechagua .223 ya bolti, mtutu mnene, msokoto wa inchi 8. Akishaweza kuusoma upepo wa mchana hadi mita 300, na akitaka kufika 400, aende kwenye .243. .22-250 tunampa anayepiga risasi chache kwa siku, asubuhi na mapema, kabla ardhi haijapata joto na upepo haujaamka.