Ukishika skechi, tafuta kilichorudiwa

Watu wakiona skechi ya msanii mkubwa macho yanakimbilia palipochorwa vizuri. Mimi nafundisha kuchora hapa Dodoma, na kijana akiniletea daftari lake hapo napita tu, natafuta alichokichora mara mbili mara tatu, maana ndo sehemu iliyompa kazi.

Chukua ile karatasi ya Michelangelo, msanii wa zamani wa Italia, ya chaki nyekundu, ipo Metropolitan Museum kule New York. Alikuwa anamwandaa Sibila wa Libya, nabii wa kike wa hadithi za kale, kwa ajili ya dari la Sistine, kanisa la Papa kule Vatican, lile alilolichora kati ya 1508 na 1512. Sibila ni mwanamke ila aliyempozia ni mwanaume, tena hana nguo, wakati kule darini kavalishwa, yaani mzee alitaka kwanza ajue mgongo unajikunja vipi, mambo ya kitambaa baadaye. Kichwa kakirudia pembeni, mkono pia. Lakini mimi hunimaliza vidole vya mguu wa kushoto, kavirudia na kavirudia! Kwanini uhangaike na dole gumba wakati una mgongo mzuri vile? Kwasababu huyo Sibila kageuka nyuma kashika kitabu kikubwa, huku uzito umemkalia kwenye vidole, ukikosea pale mwili wote unaelea. Kama huamini beba ndoo ya maji halafu geuka bila kusogeza miguu, utasikia mwenyewe kazi inafanyika wapi.

Vasari, aliyeandika habari za maisha ya Michelangelo, anasema kabla ya kufa 1564 mzee alichoma michoro yake mingi watu wasione alivyohangaika. Sasa vijana wangu nao wana tabia hiyohiyo, wananiletea karatasi safiii, zile chafu wametupa, na mimi nazitaka hizo chafu jamani.

Kingine cha kuangalia ni miraba. Skechi ikiwa imepigwa mistari ya viboksi juu yake, ujue msanii kashaamua, hapo anakuza tu mchoro kuupeleka ukutani, ni kilekile wanachofanya mafundi wetu wa kuchora mabango. Isiyo na viboksi, mistari imepandana mikono mitatu kwenye bega moja, mara nyingi hiyo bado anatafuta, na mimi nikiambiwa nichague moja nachukua hiyo.